Ile Hela Tuma Namba Hii

Laiti Alphonce angekufa na noti mfukoni, mkewe angezianika juani, angemlipa mwenye gari, na kabla ya jioni mwili ungekuwa umekwisha panda mlima. Lakini Alphonce alikufa na hela kwenye simu, na simu ikazama naye, pale Mbaha, ufukweni mwa ziwa, jua ndiyo kwanza linachomoza. Alikuwa anaingia majini kuuwahi mtumbwi wa dagaa kabla wachuuzi wengine hawajaufikia. Alishika kifua, akasema neno ambalo hakuna aliyelisikia, akaenda chini. Wavuvi walimwibua upesi. Simu hawakuiibua. Ziwa lile halina adabu hata kidogo: unatembea maji ya magoti, hatua inayofuata huna pa kukanyaga.

Kunigunda, mkewe, alikuwa amesimama mchangani na viroba vitupu begani. Aliyaona yote.

Ugomvi wao wa hela haukuwa wa jana. Kunigunda alizoea kusafiri na noti zimefungwa kwenye kitambaa kiunoni, na kila safari alimwambia mumewe kwamba huku ufukweni hela ya simu ni hadithi tu. Mvuvi anataka noti. Mwenye chumvi anataka noti. Hata mama wa vitumbua anataka noti, tena isiwe kubwa, chenji hana. Lakini Alphonce alikuwa amekabwa mwaka juzi kwenye mteremko akarudi kwao Maguu, milimani, na shati tu, na tangu hapo alikuwa ameapa kwamba mwizi hatamkuta tena na shilingi mwilini. Akamwita mkewe mshamba. Mungu amrehemu, lakini ndivyo alivyomwita, na safari hii walishuka kutoka Maguu na nauli tu mkononi.

Muuguzi wa zahanati aliweka sikio kwenye kifua cha Alphonce, akamfumba macho, akasema pole mama, ni moyo. Wakambeba mpaka dukani kwa Muharami, kwa kuwa ndiyo nyumba yenye chumba cha sakafu iliyo karibu na maji. Adija, mke wa Muharami, alitandika mkeka ghalani kati ya magunia ya sukari na mafuta ya kupikia, akamfunika marehemu kwa kanga zake mbili mpya ambazo hakuwahi kuzivaa.

Toka hapo Kunigunda alitaka jambo moja tu duniani: amfikishe Alphonce Maguu, alazwe kando ya baba yake, pale nyuma ya shamba la kahawa. Hakutaka zaidi ya hilo. Asubuhi nzima hakulia, maana alijua akianza kulia hatapanga chochote, na pale hakuwa na ndugu wa kumpangia.

Gari lilikuwepo. Ilikuwa pikapu ya Masoudi, dereva wa tajiri mmoja wa Mbinga, iliyoshusha saruji jana yake na iliyokuwa inarudi juu mchana ule. Masoudi alikuwa mtu mwenye huruma. Alivua kofia, akasema pole sana mama, halafu akataja bei.

"Laki tatu, mama. Na si kwamba nakuuzia msiba. Dizeli huku wanapima kwenye dumu na wanataka noti. Nikiondoka bila dizeli ya kutosha, nitakwama na maiti katikati ya mlima, tena msimu huu wa mvua. Nipe hata nusu nianze nayo."

"Nitakupa tukifika. Shemeji yangu yuko Mbinga, ana hela."

"Mwenye dumu hafiki Mbinga, mama."

Wavuvi walichanga. Kila mtu alitoa alichokuwa nacho kwenye kaptula: noti zilizolowa, sarafu, mwingine akatoa kwacha za ng'ambo ya ziwa akidhani msiba unapokea zote. Haikufika hata robo ya nusu. Mmoja wao, kwa nia njema kabisa, akauliza kama laini ya simu hairudishwi kwa alama ya kidole cha mwenyewe. Na kama ni kidole, kidole si kipo ghalani? Watu wakamtazama mpaka akainamisha kichwa. Mwingine akasema kwa sauti ndogo kwamba mashine ya kidole iko Mbamba Bay.

Kilichobaki kilikuwa Nathanieli.

Nathanieli ni mdogo wake Alphonce. Alifanya kazi ya kununua kahawa mjini Mbinga, na ndiye aliyekuwa anapokea mizigo yao ya dagaa. Ndiyo maana namba yake ya simu ilikuwa imeandikwa kwa wino mzito kwenye kila kiroba, na ndiyo namba pekee Kunigunda aliyoweza kuipata. Tena hela ilikuwepo kweli. Walikuwa wamekubaliana kwamba Alphonce akikuta dagaa wazuri, Nathanieli atume laki tano za kuongezea mtaji. Hela ile ilikuwa inangoja tu kutumwa.

Muharami mwenyewe alikuwa wakala wa hela za simu. Akamwazima simu yake ya kazini.

"Aitume kwangu, na ya kutolea juu yake. Ikiingia tu nakuhesabia noti dakika hiyo hiyo. Sina maneno mengi, mama."

"Asante, kaka yangu."

"Pole. Sisi sote wa Mwenyezi Mungu."

Sasa hapa panataka maelezo, ingawa mtu wa kwetu hahitaji kuambiwa. Kifo hakisemwi kwa simu. Unasema mgonjwa hali yake si nzuri, njooni. Watu wa upande wa pili wanaelewa, au wanajifanya hawaelewi, wanapanda gari, wakifika wanakuta wazee wamekaa, wanashikwa mikono, ndipo wanaambiwa. Na kwa Nathanieli palikuwa na sababu ya juu zaidi: Mama Serafina, aliyewazaa wote wawili, alikuwa nyumbani kwake tangu wiki iliyopita kwa ajili ya kliniki ya presha. Simu ya Nathanieli haikuwa na siri na mama yake; kila meseji aliisoma kwa sauti. Kunigunda angeandika neno lile, bibi yule angelisikia akiwa amekaa kwenye kigoda, bila mtu wa kumshika.

Kwa hiyo aliandika lile ambalo lingemletea hela bila kuua mtu. Aliandika polepole, kwa simu asiyoizoea:

"Ile hela tuma namba hii, jina litakuja Muharami."

Akaituma. Hakuweka salamu wala jina lake. Mtu anayeandikia nyumbani kwao ajitaje kwa nani?

Nawaomba mnisomee tena meseji ile, halafu mniambie ni Mtanzania gani hajaipata. Wewe umeipata. Padri ameipata. Imewaingia watu waliokuwa hawadaiwi na hawamdai mtu, usiku na mchana, kutoka kwa majambazi wasio na sura, mpaka ikawa mzaha wa vijiweni. Wezi wale wameiba hela nyingi, lakini siku ile waliiba kitu kikubwa kuliko hela: walikuwa wamekwisha yatumia maneno yote ambayo mtu mkweli angeyahitaji. Kunigunda hakuwahi kumiliki simu. Yeye peke yake, nchi nzima labda, hakuyajua.

Jibu lilirudi haraka, na kwa dakika moja ya furaha alidhani ni hela.

"Kaka yangu nimeongea naye jana usiku ni mzima wa afya. Wezi wakubwa nyie. Katafuteni kazi."

Alilisoma akasimama palepale. Mzima wa afya. Akajikaza kisabuni, akaandika tena: "Shemeji ni mimi Kunigunda. Alphonce anaumwa hali yake si nzuri. Tuma haraka tafadhali."

"Leo mmekuja na mgonjwa. Mwambie Alphonce mwenyewe anipigie."

Maana ndugu wale walikuwa na mkataba. Mwaka jana mtu alimpigia Nathanieli akajifanya binamu yao, akaiga sauti mpaka kikohozi, akaondoka na ada ya watoto. Alphonce alimcheka mdogo wake mwezi mzima, kisha akampa amri: hela yangu usitume kwa mtu yeyote mpaka unisikie mimi. Sauti yangu mwenyewe. Nathanieli alikuwa anamtii kaka yake.

"Mpigie," Muharami akasema. "Akusikie."

Mnara pale dukani unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na shukrani. Simu iliita, ikapokelewa, na sauti ya Nathanieli ikafika vipande vipande.

"Nani?"

"Shemeji, ni mi… Kuni… tuma ile…"

"Sikusikii. Mpe simu kaka."

"Amelala, shemeji."

Lilimtoka tu. Hakuwa ameliandaa.

"Mwamshe."

Kunigunda aligeuka akatazama mlango wa ghala. Kanga za Adija zilikuwa zinaonekana kwa chini, na vidole vya miguu ya mumewe, vyenye mchanga bado.

"Mwamshe basi, kama yupo," Nathanieli akasema, safari hii kwa sauti safi isiyokatika hata kidogo. Kisha akakata.

Alipopigiwa tena, simu haikuita. Alikuwa ameifungia namba ile.

Angeishia hapo, ingekuwa afadhali. Lakini Nathanieli alikuwa mtu mwema, anayewajali watu wake, na watu wema nao wana madhara yao. Aliichukua namba ya Muharami akaibandika kwenye kundi la ukoo na kwenye kundi la kwaya: jihadharini na tapeli huyu, anatumia jina la kaka yangu. Ndani ya muda mfupi simu ya Muharami ikaanza kulia yenyewe. Meseji ziliingia kutoka Maguu, kutoka Mbinga, kutoka kwa watu aliowajua na asiowajua. Shangazi mmoja aliyemsimamia Kunigunda harusi aliandika kwamba Mungu amchome huyo mwizi akiwa hai. Mwanakwaya mmoja aliandika matusi ambayo haiwezekani kuyarudia hapa, akamalizia na Bwana asifiwe.

Muharami aliyasoma yote. Uso wake ulibadilika taratibu. Wakala ana namba yake kama mkulima ana jembe. Wakiiripoti watu wengi, anafungiwa, na wateja wake wote wanahamia kwa jirani.

"Mama," akasema. "Mimi nakuuliza, na usinichukie. Huyu ni shemeji yako kweli?"

"Kaka Muharami. Mume wangu yupo ndani kwako."

"Naona. Maiti naiona. Lakini nani amenionyesha cheti cha ndoa? Watu wanakuja hapa na mambo ya ajabu. Mimi mwaka huu nimelizwa mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa shida ya mtu."

Kisha mwenyewe akaona aibu kwa alichosema, akatoka nje. Simu aliichukua.

Yalimfika Kunigunda shingoni. Hakuwa na hela, hakuwa na simu, na sasa hakuwa hata na jina. Ndugu zake wote walikuwa wameonywa dhidi yake, na aliyewaonya ni yule yule aliyepaswa kumwokoa. Alitamani Alphonce aamke japo kidogo, aseme neno moja kwenye simu kisha alale tena. Aliliwaza jambo hilo kwa uzito kabisa, kama mtu anayepanga.

Jua lilikuwa kali. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja na katekista, wakakaa kwenye benchi la duka, wakaongea naye kwa upole ambao ulimtisha kuliko matusi yote.

"Mama, joto hili la ufukweni si la huko kwenu milimani. Hapa hatuna pa kuhifadhi mwili. Tukiona laasiri imefika na gari hakuna, itabidi tumsitiri hapa. Vijana wameshaanza kuangalia sehemu. Ni pazuri, juu ya mchanga kidogo, maji hayafiki."

"Watamzika kwa heshima," katekista akaongeza. "Nitasoma mwenyewe."

"Asanteni," Kunigunda akasema. "Asanteni sana." Akaona jembe limeegemea ukuta, akageuza macho.

Naye Masoudi alikuwa amepata abiria wawili na magunia ya samaki wakavu. Hakumtazama Kunigunda alipokuwa anayapanga. Akasema tu, huku ameyaelekea magunia, kwamba mlima ule hataupanda gizani, na kwamba akishaondoka leo harudi mpaka keshokutwa.

Adija ndiye aliyekuja kukaa naye ghalani. Alikaa chini, miguu imenyooshwa, upande wa pili wa mkeka.

"Mama, kwa nini humwambii tu kwamba amekufa?"

"Mama mkwe wangu yuko pale pale. Ana presha. Akisikia kwa simu ataanguka. Nitamzika mwanawe na yeye mwenyewe. Nitasemaje kwa watu? Kwamba nilimuua kwa sababu ya nauli?"

Adija alifukuza nzi kwa ncha ya mtandio.

"Unamhurumia aliye hai, na ni vizuri. Lakini huyu hangoji."

Hakusema kwa ukali. Akafungua kibindo cha kanga, akatoa simu yake ndogo ya tochi. "Namba yangu hawaijui. Panda pale penye mti wa msalaba, karibu na kanisa, mnara upo. Salio halizidi dakika chache. Usiandike. Ongea."

Kunigunda alipanda kile kilima kwa miguu mitupu, ndala zake zilipobaki hakukumbuka. Chini yake ziwa lilikuwa tulivu, la buluu, zuri la kuudhi. Akapiga. Aliomba Nathanieli apokee na wakati huo huo aliomba asipokee.

"Halo, nani?"

Sauti ilikuwa wazi kama vile wamekaa chumba kimoja.

"Shemeji, ni mimi Kunigunda. Usikate."

"Aa! Huyu tena! Jamani njooni, mama tapeli amerudi na namba nyingine." Ikasikika simu ikiwekwa juu ya meza, na ghafla sauti za nyumba nzima zikaingia: vyombo, kuku, watu wakisogea, vicheko. Alikuwa ameweka spika. "Haya mama, tueleze. Leo mgonjwa anaendeleaje?"

"Nathanieli, toa spika. Nakuomba kwa jina la Bikira Maria. Toa spika uende nje."

"Tuongee wote tu. Hapa hatuna siri."

Watu wakacheka tena. Kunigunda alitazama chini kijijini. Aliona wanaume wawili wakitembea mchangani na majembe begani, bila haraka.

"Alphonce amekufa," akasema.

Vicheko vilikatika. Kisha Nathanieli akasema, na sauti yake ilikuwa na hasira ya kweli sasa, si mzaha:

"Yaani mmefika hapo? Kwa laki tano mnamuua mtu wa watu? Hamna hata haya?"

Kunigunda alikuwa ametoa neno la mwisho alilokuwa nalo, lile alilolificha tangu alfajiri, na halikununua kitu. Kitu alichokuwa amekifunga kifuani siku nzima kikafunguka chenyewe. Alilia. Hakulia kwa Kiswahili. Alimlilia Alphonce kwa Kimatengo cha kwao, kwa sauti ya juu inayopanda na kushuka, akimwita kwa majina ya baba zake mmoja baada ya mwingine, akimuuliza amemwachia nani njia hii yote. Alilia akiwa amesahau kama ameshika simu. Kule chini wenye majembe walisimama wakatazama juu.

Kilio kile mwizi hawezi kukiiga, maana hajafundishwa.

Alipopumua, upande wa pili hata kuku hawakusikika. Kisha ikaja sauti ya kizee, karibu sana, kama mtu ameinamia meza.

"Huyo ni mkamwana wangu."

"Mama, subiri kwanza," Nathanieli akasema.

"Nathanieli, nimesema huyo ni Kunigunda. Tuma hela."

"Mama…"

"Tuma hela, mwanangu."

Kunigunda aliusikia mlio wa kiti, na Nathanieli akilia kama mtoto anayepigwa, akimuuliza mtu namba iko wapi, namba ile ya Muharami iko wapi, nimeifungia mimi, Mungu wangu, nimeifungia mimi. Mtu mwingine akawa anamsomea tarakimu. Mama Serafina hakuanguka. Alikuwa amekwisha ishika simu mwenyewe. Pumzi yake ilisikika.

"Shikamoo, mama," Kunigunda akasema.

"Marahaba, mwanangu. Uko na nani huko?"

"Niko na watu, mama. Ni watu wazuri."

"Amekufa saa ngapi?"

"Asubuhi. Jua lilikuwa linatoka."

Chini kabisa, mbele ya duka, Muharami alitoka mbio ameinua simu juu, anapunga mkono kuelekea kilimani, anapiga kelele ambazo upepo haukuzileta. Masoudi alikuwa ameanza kushusha magunia ya samaki ili kupisha nafasi.

"Zile meseji," Mama Serafina akasema. "Tangu asubuhi Nathanieli anatusomea. Kila ikiingia anasoma, na sisi tunacheka. Na mimi nimecheka, mwanangu. Hiyo ya kusema amelala, alipotusimulia, nimecheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwambia, mjibu tena, tucheke."

Kunigunda aliibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Nimeshinda nacheka," bibi akasema, safari hii kwa Kimatengo, na si kwa mtu yeyote.

Hakuna aliyekata simu. Walikaa hivyo, mmoja kilimani na mwingine kwenye kigoda chake Mbinga, wakisikilizana wanavyopumua, mpaka salio la Adija lilipokwisha.